Kulia ni kwa nani? Kweli na si kweli kuhusu mielekeo ya mwili

Muulize mtu moyo wake uko wapi, atagusa titi la kushoto. Muulize mfuko wake wa chakula ulipo, atashika kitovu, ilhali sehemu kubwa ya mfuko huo imejificha juu zaidi, chini ya mbavu za kushoto. Tunaishi ndani ya mwili huu tangu kuzaliwa, lakini ramani yake wengi wetu tumeipata kwa kusikia.

Wataalamu nao hawakuanza wakiwa na kauli moja. Kufikia mwishoni mwa karne ya 19, vitabu vya anatomia vya Ulaya vilikuwa na majina yapatayo 50,000 kwa sehemu za mwili zipatazo 5,000 tu, kila chuo na lake. Mwaka 1895, kikao kilichofanyika Basel, Uswisi, kiliyachuja, na orodha ya kimataifa iliyotolewa mwaka 1998 iliendeleza kazi hiyo. Lakini jina peke yake halimfikishi mtu mahali. Lazima liandamane na mwelekeo: mbele au nyuma, juu au chini, ndani au nje. Na kanuni kuu ya mielekeo ni moja: mwelekeo ni wa mwili unaoelezwa. Si wa anayeutazama, wala wa kitanda ulicholalia. Tuyapime kwa kanuni hiyo madai kumi na moja.

1. "Ukitaka kueleza mwili, mtu asimame wima tu, inatosha."

NUSU KWELI. Kusimama wima ni mwanzo. Mkao ambao anatomia yote huuanzia unadai zaidi: uso umetazama mbele, vidole vya miguu vimeelekea mbele, mikono imening'inia ubavuni na viganja vimegeuzwa mbele. Hapo kwenye viganja ndipo wengi hukosea, maana hakuna anayesimama hivyo akisubiri basi. Mikono ikilegea, viganja hutazama mapaja.

Viganja hugeuzwa kwa sababu kigasha, yaani sehemu iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, kina mifupa miwili. Viganja vikitazama mbele, mifupa hiyo hukaa sambamba; vikitazama nyuma, mmoja humpanda mwenzake. Ikiwa sambamba, kila kitu kina upande usiobadilika. Kidole gumba kiko upande wa nje, mbali na mstari unaougawa mwili katikati, na kidole cha mwisho kiko upande wa ndani. Mwanafunzi wa uuguzi akiambiwa "upande wa nje wa kigasha" anajua ni upande wa gumba, hata kama mgonjwa aliye mbele yake amekunja mikono kifuani.

Mtu akilala, mkao huo unabaki kuwa kipimo. Aliyelala chali, kichwa chake bado kiko juu ya kifua, na kitovu chake bado kiko mbele, ingawa sisi tunakiona kimeelekea darini.

2. "Ukitazama picha ya eksirei, upande wako wa kulia ndio wa kulia wa mgonjwa."

SI KWELI. Picha ya kifua husomwa kana kwamba mgonjwa amesimama akikutazama uso kwa uso. Mkono wako wa kulia unaelekea kushoto kwake. Ndiyo maana kivuli cha moyo, ambao umeegemea kushoto, huonekana kimevimbia upande wa kulia wa anayetazama. Picha za CT zinazokata mwili vipande vya mlalo zina kanuni yake pia: husomwa kana kwamba umesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali, ukitazama kuelekea kichwani. Tena kulia kwake kunakuwa kushoto kwako, na mgongo wake unakuwa chini ya picha.

Kosa la upande si la kuchekesha likifika chumba cha upasuaji. Figo ziko mbili, magoti mawili, macho mawili. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani inawataka wahudumu wathibitishe, kabla ya kisu kugusa ngozi, mgonjwa ni nani, anafanyiwa nini na mahali gani; upande unaohusika uwe umewekwa alama. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane duniani, zikiwemo za London, New Delhi, Seattle na Ifakara nchini Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Si yote yaliyotokana na kujua kulia na kushoto, kwani orodha ina mambo mengi, lakini swali la upande limo, na huulizwa kwa sauti mbele ya wote.

3. "Moyo uko upande wa kushoto wa kifua."

NUSU KWELI. Moyo uko katikati ya kifua, nyuma ya mfupa wa kidari, katikati ya mapafu mawili. Kilichoegemea kushoto ni sehemu yake kubwa: takriban theluthi mbili ziko kushoto kwa mstari wa katikati, na theluthi moja iko kulia. Ncha yake inaelekea chini, mbele na kushoto, na kwa kuwa ncha hiyo ndiyo inayogonga ukuta wa kifua, mapigo husikika vizuri zaidi chini ya titi la kushoto. Sikio limetufundisha mahali pa mlio, tukadhani ndipo mahali pa moyo.

Kwa anayemwokoa mtu aliyezimia na kuacha kupumua, tofauti hii ni kubwa. Viganja huwekwa katikati ya kifua, kwenye nusu ya chini ya mfupa wa kidari, si juu ya titi la kushoto. Hapo moyo unabanwa kati ya kidari na uti wa mgongo. Ukisukuma kushoto, unabonyeza mbavu.

Wapo pia watu wachache, takriban mmoja kati ya 10,000, ambao viungo vyao vyote vya ndani vimepangika kinyume: moyo umeegemea kulia na ini liko kushoto. Wengi wao huishi bila tatizo lolote na hugundua siku wanapopigwa picha kwa sababu nyingine.

4. "Maneno juu na chini yanatosha kueleza mkono na mguu."

SI KWELI. Inua mkono wako juu ya kichwa. Vidole sasa viko juu ya bega. Ukimwambia mtu kidonda kiko "juu ya kiwiko", atatafuta upande gani? Kwa mikono na miguu wataalamu hutumia kipimo kingine: ukaribu na kiwiliwili. Ni kama tawi la mti: kuna upande wa shina na upande wa ncha. Kiwiko kiko upande wa shina ukikilinganisha na kifundo cha mkono, hata ukijikunja namna gani.

Kipimo hicho kina kazi nyumbani pia. Aliyefungwa plasta (wengine huiita POP) huambiwa achunguze sehemu iliyo mbele ya plasta kuelekea nchani, yaani vidole. Vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi hata baada ya dawa, plasta huenda inabana damu isipite, na arudi hospitali saa hiyohiyo bila kungoja kesho. Ukitazama bega wakati plasta iko kwenye kigasha, hutaona dalili yoyote.

5. "Mbuzi na ng'ombe wana magoti ya nyuma yanayokunjika kinyume."

SI KWELI. Tunachokiona kikikunjika kinyume katika mguu wa nyuma wa mbuzi ni kifundo cha mguu, pamoja na kisigino chake kilichoinuka hewani. Goti lake halisi liko juu zaidi, karibu na tumbo, na linakunjika kama letu. Vivyo hivyo, kinachoitwa goti la mguu wa mbele ni kifundo cha mkono, na kiwiko kimebana karibu na kifua. Mbuzi hutembea kwa ncha za vidole vyake. Kwa hiyo supu ya makongoro, ukiipima kwa mwili wetu, sehemu kubwa yake ni kiganja, wayo na vidole.

Mnyama wa miguu minne huvuruga pia mbele na nyuma. Kwetu, mbele ni upande wa tumbo. Kwa mbuzi, mbele ni kichwa, na tumbo liko chini. Ndiyo sababu madaktari wa mifugo husema upande wa kichwa, upande wa mkia, upande wa mgongo na upande wa tumbo, maneno yasiyoyumba mwenye mwili akisimama kwa miguu miwili au minne.

Kuchanganya miili hiyo kuliwahi kuigharimu tiba karne nyingi. Galen, tabibu wa zama za Warumi, alipasua nyani na nguruwe, kisha aliyoyaona yakafundishwa kana kwamba ni ya binadamu. Mojawapo lilikuwa kwamba taya la chini limeundwa kwa mifupa miwili. Mwaka 1543 Andreas Vesalius, aliyekuwa akifundisha Padua, alichapisha kitabu chake kikubwa baada ya kupasua maiti za binadamu kwa mikono yake, akaonyesha kwamba taya letu la chini ni mfupa mmoja.

6. "Kukunja kiungo ni kukipeleka mbele, kunyoosha ni kukirudisha nyuma."

NUSU KWELI. Ni kweli kwa shingo, bega, kiwiko na nyonga. Kwenye goti kanuni inavunjika: ukikunja goti, kisigino kinaenda nyuma, kuelekea makalio.

Sababu iko tumboni mwa mama. Mikono na miguu ya kijusi huanza kama vichipukizi vidogo vinavyotoka ubavuni. Kati ya wiki ya sita na ya nane vichipukizi hivyo hujizungusha, kila kimoja karibu robo ya duara, lakini kwa pande zinazopingana. Mkono huzunguka kuelekea nje, kiwiko kikaishia nyuma. Mguu huzunguka kuelekea ndani, goti likaishia mbele. Kilichokuwa upande mmoja kikawa pande mbili tofauti, na mikunjo ikafuata.

Kwenye kifundo cha mguu utata ulikuwa mkubwa kiasi kwamba wataalamu waliacha kubishana kipi ni kukunja na kipi ni kunyoosha. Wakasema tu: kuinua wayo kuelekea muundi, na kuushusha kama mtu anayesimama kwa vidole. Aliyeteguka kwa kukanyaga shimo, mara nyingi wayo wake uligeuka ndani, na mishipa myeupe iliyoshika upande wa nje ndiyo iliyovutika. Akieleza hivyo, mganga anajua pa kubonyeza kwanza.

7. "Kugeuza kiganja ni kazi ya kifundo cha mkono."

SI KWELI. Bana kiwiko ubavuni, kikunje, kisha shika kigasha chako kwa mkono mwingine na ugeuze kiganja juu na chini. Utahisi mfupa wa upande wa gumba ukizunguka juu ya mwenzake. Kazi yote imefanyika kati ya kiwiko na kifundo. Kifundo chenyewe kinajua kwenda mbele, nyuma, upande wa gumba na upande wa kidole cha mwisho. Kuzungusha kiganja hakumo katika kazi zake.

Msuli ambao vijana huuonyesha kwenye jimu, ule unaovimba mbele ya mkono, ndio wenye nguvu kubwa ya kugeuza kiganja kitazame juu, hasa kiwiko kikiwa kimekunjwa. Leonardo da Vinci aliliona hilo katika michoro yake. Katika kukunja kiwiko, kazi kubwa hufanywa na msuli mwingine uliolala chini yake, usioonekana na usiosifiwa. Fundi anayetumia mkono wa kulia hukaza skrubu kwa nguvu kuliko anavyoilegeza kwa sababu kukaza ni kugeuza kiganja juu. Anayetumia mkono wa kushoto, mambo humgeukia.

Na kwa kuwa tumefika kwenye misuli: hakuna msuli unaosukuma. Msuli unajua kuvuta tu. Ukisukuma mlango, misuli ya nyuma ya mkono imevuta kano zilizo nyuma ya kiwiko, kiwiko kikanyooka. Ndiyo maana misuli hupangwa kwa pande zinazopingana, mmoja wa kukunja na mwingine wa kurudisha.

8. "Mtoto mchanga alale kifudifudi, akicheua asipaliwe."

SI KWELI, na hili ni la hatari kuliko yote. Hofu yenyewe inaeleweka: mtoto akicheua maziwa akiwa chali, yataenda wapi? Jibu liko katika mbele na nyuma. Njia ya hewa imepita mbele ya shingo; unaweza kuigusa. Umio, njia ya chakula, uko nyuma yake, umeegemea uti wa mgongo. Mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa upande wa juu na umio unakuwa chini. Maziwa yanayorudi hayapandi mlima kuingia kwenye hewa. Humezwa tena au hutoka. Ukimlaza kifudifudi umeugeuza mpangilio: sasa umio uko juu, na njia ya hewa ndiyo iliyo bondeni.

Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994. Katika nchi hizo vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata. Kifudifudi kina nafasi yake mtoto akiwa macho na mtu mzima akimtazama, maana humjengea shingo na mabega.

Kwa mtu mzima mwenye mapafu yaliyoumia vibaya na anayepumulia mashine, hesabu ni nyingine. Sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa mgongo, na akilala chali moyo na tumbo huielemea. Utafiti uliofanyika Ufaransa na Hispania na kuchapishwa mwaka 2013 uliwalaza baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo kifudifudi kwa saa 16 au zaidi kila mara. Waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 16, dhidi ya karibu asilimia 33 ya waliolazwa chali. Njia hiyo ilitumika sana wakati wa UVIKO-19. Mkao uleule mmoja ni tiba kwa huyu na hatari kwa yule, kwa sababu za mahali viungo vilipo.

9. "Punje ya karanga ikipita njia ya hewa, huelekea zaidi pafu la kulia."

KWELI. Njia ya hewa ikigawanyika mara mbili kifuani, tawi la kulia ni pana zaidi, fupi zaidi, na limenyooka kuelekea chini kuliko la kushoto, ambalo hulazimika kuupisha moyo. Punje, shanga au kipande cha nyama hufuata njia iliyo wazi zaidi. Mtoto aliyepaliwa akicheza, kisha akabaki na kikohozi na mlio wa filimbi upande mmoja wa kifua, apelekwe hospitali hata kama anaonekana ametulia.

10. "Mjamzito alale ubavu wa kushoto."

KWELI, lakini sababu inayotajwa mitaani mara nyingi siyo. Mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni kutoka nusu ya chini ya mwili hupita kulia kidogo kwa uti wa mgongo. Mimba ikishakua, mama akilala chali, mfuko wa uzazi huulemea mshipa huo. Damu inayorudi hupungua, presha inashuka, naye anaweza kuhisi kizunguzungu. Ubavu wa kushoto huuondoa uzito huo kwenye mshipa. Mama akiamka usiku akajikuta amelalia ubavu wa kulia, asiingiwe na hofu. Cha kuepuka hasa, katika miezi mitatu ya mwisho, ni kulala chali. Akijikuta chali, ageuke tu na kuendelea na usingizi.

11. "Haya ni mambo ya madaktari, mgonjwa aseme tu panapouma."

SI KWELI. "Mkono unauma" ni habari ya kutoka begani hadi kwenye kucha. "Tumbo linauma" ni eneo lenye ini, wengu, mfuko wa chakula, utumbo, kibofu na kwa mwanamke mfuko wa uzazi. Hata mtu anayesema "moyo unaniuma" huenda anashika chembe cha moyo, na tatizo likawa ni vidonda vya tumbo. Au likawa moyo kweli.

Mgonjwa hahitaji istilahi. Anahitaji mambo manne. Upande, kulia au kushoto kwake mwenyewe. Mahali, akionyesha kwa kidole kimoja badala ya kupapasa kwa kiganja kizima, na kama ni mkono au mguu, karibu na kiungo gani na uso upi, wa mbele au wa nyuma. Njia, yaani maumivu yalianzia wapi na yamehamia wapi. Na mwendo: yanazidi akikunja, akinyoosha, akitanua au akigeuza?

Chukua mtu anayesema: "Yalianza kitovuni jana, leo yamehamia chini kulia, na nikinyoosha paja kwenda nyuma yanazidi." Hajataja kiungo chochote cha ndani. Lakini ametoa mahali, njia na mwendo, na daktari hatangoja neno la Kilatini ndipo aanze kukishuku kidole tumbo.